Vijiwe vya darasani: watoto wanajigawa wenyewe, au sisi walimu ndio tunaowagawa?

MwalimuMakete

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mawazo yenu kabla ya Ijumaa. Siku hiyo tuna kikao cha walimu, na safari hii sitaki kukaa kimya halafu nije kulalamika pembeni wakati maamuzi yameshapita.

Nafundisha Historia na Uraia katika shule ya kata pembezoni mwa jiji la Mbeya, huu ni mwaka wangu wa 11. Mimi ndiye mwalimu wa darasa wa kidato cha tatu, wanafunzi 74 kwenye chumba kimoja. Asubuhi nikiingia nakuta wameshajipanga. Nyuma dirishani wanakaa wavulana tisa wanaojiita Duara. Kwa msioijua lugha ya Chunya, duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Wengi wao hawajawahi kushuka humo, ila kaka zao wako huko, na wawili watatu walishakwenda likizo kusomba mawe. Suruali wanavaa chini ya kiuno, sweta wanafunga shingoni hata Juni baridi inapokata masikio, na mwenzao akinyoosha mkono kujibu swali wanamwita mnoko.

Mbele kabisa wapo wasichana wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, madaftari wameyafunika kwa magazeti, mapumziko wanafanya mazoezi ya kwaya. Katikati wapo watoto wa wenye maduka Mwanjelwa. Hao walianzia shule za kulipia kabla biashara haijayumba nyumbani, Kiingereza kinawatoka bila kujikaza, na wenzao wanawaita wa kishua. Mlangoni, penye upepo, ndipo walipo watoto wa geto. Hawa wanatoka vijiji vya juu mlimani, kwenda tu ni saa mbili na nusu kwa miguu, kwa hiyo wazazi wamewapangia vyumba karibu na shule. Ijumaa jioni wanapanda kwao kufuata viazi, unga na kuni, Jumapili wanashuka na viroba kichwani. Masweta yao yananuka moshi, na haipiti siku bila mtu kuwaambia.

Miaka yote niliona ni mambo ya umri, yatapita. Wiki mbili zilizopita nimebadilika.

Tulikuwa kwenye mada ya uchumi wa kikoloni, jinsi Waingereza walivyopata vibarua. Nikaeleza kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa, kwamba miaka ya 1920 na 1930 vijana wa nyanda hizi walikwenda kuchimba dhahabu Lupa ili wapate hela ya kodi, na wengine wakavuka mpaka migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Nikauliza swali, kimya. Nikauliza tena, kimya. Nikaacha Kiingereza, nikasema: "Lupa ndiyo hiyohiyo Chunya yenu. Nani anajua mchimbaji wa leo analipwaje?"

Kijana mmoja wa dirishani akasimama. Mwaka mzima sikuwahi kumwona akisimama bila kuitwa. Akasema, "Madamu, hakuna kulipwa, kuna kugawana." Akaeleza mawe yanavyohesabiwa kwa mifuko, mwenye duara anavyochukua fungu lake kwanza, halafu zinakatwa gharama za chakula na mafuta ya mashine, ndipo wachimbaji wanagawana kilichobaki. Akaja kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Akauliza darasa: kwa nini mwenye karasha hakudai hela nyingi ya kusaga? Hakuna aliyejua. Akasema, "Kwa sababu marudio yanabaki kwake, ule mchanga uliokwishasafishwa. Na humo dhahabu bado ipo, nyingi tu. Wewe unaondoka na ya haraka, yeye anabaki na ya uhakika." Darasa likatulia. Mtoto wa kishua mmoja akageuka kabisa kwenye kiti kumtazama.

Huo ndio unyonyaji niliokuwa nahangaika kuufafanua wiki nzima. Kwenye jaribio la mwezi, lililokuwa kwa Kiingereza, kijana huyohuyo alipata 9 kati ya 100.

Sasa hoja ya Ijumaa. Ofisi ya taaluma inataka darasa ligawanywe mikondo miwili kwa matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, A wenye uwezo na B waliobaki, "tuokoe wanaookoleka". Na Duara wavunjwe kwa adhabu. Jana usiku nilikaa na rejista nikaweka alama ya nani ataangukia wapi. Mkondo B: wavulana wote tisa wa dirishani. Watoto wa geto karibu wote. Watoto wawili wa Kisukuma ambao wazazi wao ni wafugaji, wametoka huko Usangu, wote wawili. Watoto wa Mwanjelwa, wawili tu. Nilipomaliza nilifunga rejista nikakaa nayo mapajani. Tunasema tunagawa kwa alama, kumbe tukimaliza tutakuwa tumegawa kwa nyumba walizotoka.

Halafu kuna suala la kabila, ambalo shuleni kwetu hatulisemi. Hao wawili wa Kisukuma hawaitwi majina yao. Wanaitwa "Msukuma", wakati mwingine hata na walimu. Mimi ni Mkinga wa Makete, na wakati nasoma kila mtu aliamini Mkinga ana duka na ana hela. Nililelewa na bibi, sweta moja kidato cha kwanza mpaka cha nne, na kila mchango wa darasa ulipokuja walianza kwangu: "Mkinga, toa wewe." Nilikuwa naona aibu kusema sina. Jina la kabila lilifunika umaskini wangu, hata mwalimu wangu hakuuona.

Naomba kuuliza walimu, wazazi na waliopita huko: haya makundi yanatoka wapi? Na Ijumaa niseme nini?

FundiMafiati

Shikamoo Madamu. Nimesoma mara mbili. Yule wa dirishani ni mimi, miaka ya nyuma.

Nilikuwa kidato cha tatu mwaka 2011, nikaacha mwezi wa tisa nikaenda Chunya. Hakuna aliyenifukuza. Nataka nikueleze tulivyokuwa tunafikiri, maana walimu wetu walidhani hatufikirii.

Sisi tulipiga hesabu. Tulikuwa tunawaona waliomaliza kidato cha nne wakiuza vocha pale Kabwe pamoja na ambao hawakusoma. Baba yangu alikuwa fundi seremala na mwalimu wangu mmoja alikuwa anakuja kumkopa. Kwa hiyo ukiniambia "soma uje uwe kama mimi", nilikuwa nakutazama viatu. Kaka wa rafiki yetu alirudi kutoka machimbo na pikipiki mpya. Hatukuona aliyerudi na kifua kibovu, maana huyo hakai kijiweni, yuko ndani anakohoa.

Kuhusu fimbo, hili naomba ulipeleke kikaoni kama lilivyo. Fimbo ndiyo ilikuwa inatupa vyeo. Sisi tulikuwa tunahesabu. Anayekula sita bila kukunja uso, anakaa dirishani. Anayesugua makalio, anakaa ndani. Mwalimu wa nidhamu alidhani anavunja kikundi, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anatupangia nani mkubwa. Msichana hakuweza kuingia kikundi chetu, na mvulana aliyelia tulimwita dada. Ndivyo tulivyojua uanaume wakati ule. Leo nina binti na hilo neno linaniuma.

Na mikondo tuliipata. Baada ya mtihani wa kidato cha pili tulihamishiwa chumba ambacho nusu ya madirisha hayana vioo. Mwalimu wa Hesabu alikuwa anakuja kwetu akiwa amebakiza dakika kumi. Kabla ya hapo tulikuwa wanne tunaofanya fujo. Mwezi mmoja baadaye tulikuwa kumi na tisa.

Machimbo nilikaa miaka mitatu. Zebaki tulikuwa tunaikanda kwa mikono mitupu kwenye karai, inateleza kama kitu chenye uhai, halafu tunachoma palepale tunapopikia. Nilitoka na hela ya kununua boksi la spana tu. Sasa nina gereji ndogo, bajaji na pikipiki, hela ya kula ipo. Lakini barua ikija ya Kiingereza, ya kodi au mkataba wa pango, naficha mfukoni mpaka binti yangu arudi shule anisomee. Kijana wako akija kukuambia anaenda Chunya, usimwambie huko hakuna hela. Atajua humwambii kweli. Muulize habari za marudio. Yeye mwenyewe ameshasema nani anabaki nayo.

MwalimuMakete

Marahaba mwanangu. Hilo la kuhesabu fimbo nimelinakili neno kwa neno. Ahsante sana.

Msomaji_Iringa

Kamwene Mwalimu. Nafundisha sosholojia ya elimu chuo kimoja hapa Iringa, na maelezo ya Fundi yamenikumbusha utafiti ambao wanafunzi wangu huwa wanadhani ni wa Wazungu tu, hauwahusu.

Mwingereza Paul Willis alikaa na wavulana 12 wa familia za wafanyakazi wa viwandani katika mji wa katikati ya Uingereza, kazi yake ikatoka 1977. Vijana wale waliwadharau wenzao watiifu, wakawapachika jina la kuwasema kwamba wao ni masikio tu, kazi yao kusikiliza. Ndiye mnoko wenu huyo. Waliona kazi ya mikono ndiyo ya kiume na kalamu ni ya wanyonge. Willis hakusema ni wajinga. Alisema walikuwa wameona jambo la kweli, kwamba shule haiwezi kuwainua wote, lakini uamuzi wao wenyewe ndio uliowapeleka moja kwa moja kwenye kazi ngumu walizofanya baba zao. Fundi ameeleza hilohilo na hajasoma Willis.

Kuhusu Ijumaa, anayekufaa zaidi ni Colin Lacey. Yeye alichunguza shule ya wavulana iliyochagua waliofaulu vizuri, kitabu chake kilichapishwa 1970. Wote waliingia wakiwa vinara huko walikotoka. Walipoanza kupangwa kwa mikondo, waliowekwa chini wakaanza kuichukia shule, na chuki ikawa ndiyo heshima yao mpya. Lacey alionyesha hatua mbili: kwanza shule inawatofautisha watoto, kisha watoto wanakimbilia pande mbili. Kwa Fundi wanne waligeuka kumi na tisa ndani ya mwezi. Miaka kumi na moja baada ya Lacey, Stephen Ball akaandika juu ya shule iliyofuta mikondo ikachanganya watoto. Uadui wa makundi ulipungua. Lakini hakuficha upande wa pili, kwamba walimu waliendelea kuwapima kwa macho watoto haohao ndani ya darasa moja, na wa familia zenye nafasi ndio walioendelea kuonekana wenye akili. Kwa hiyo ukishinda Ijumaa, kazi inabaki mikononi mwenu walimu.

Kwenye kabila nakuomba tahadhari. Tafiti za Uingereza zinazungumzia rangi na uhamiaji. Tony Sewell, miaka ya 1990, alikuta wavulana weusi wengi katika shule aliyoichunguza wanataka kusoma na waasi ni wachache, ila walimu waliwaona wote kwa sura ya wale wachache. Hilo la kumtazama mtoto kupitia kundi lake linatuhusu. Historia yetu lakini ni nyingine. Sisi sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa 1967, na baada ya hapo shule za bweni zilichanganya vijana wa nchi nzima kwa makusudi. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Mhehe na Mbena walioonana bwenini. Tumefanikiwa kiasi kwamba tumesahau kuangalia pale palipobaki. Mzozo wa wakulima na wafugaji Usangu, na watu waliohamishwa kwenye ardhi oevu ya Ihefu na mifugo yao 2006 na 2007, unazungumzwa mezani nyumbani, na mtoto anakuja nao darasani.

Watakuambia ni utani tu. Mimi ni Mhehe, utani naujua, nimetaniwa habari za kula mbwa maisha yangu yote na mimi nimejibu. Utani unataka mtani, mtu mwenye haki ya kukurudishia. Watoto wawili kati ya 74 wana mtani gani hapo?

BabuIleje

Wanangu salaam. Nimestaafu ukuu wa shule, nimefundisha miaka 34. Nawasoma kwa heshima, lakini msimwonee mwalimu wa taaluma.

Watoto 74, walimu wa Hesabu pengine mmoja. Ukichanganya, unafundisha wa katikati: wa juu analala, wa chini haelewi. Mimi niligawa mikondo, na nina vijana wa kijijini kabisa, Wandali wa milimani, waliotoka mkondo A wakawa wahandisi. Kama ningewaacha katikati ya kelele wasingefika. Na wao walikuwa maskini kuliko hao wa Mwanjelwa. Kwa hiyo si kweli kwamba A ni ya matajiri siku zote.

Nililokosea nalisema: mwalimu mzuri nilimpa A, na mwalimu mgeni au mgonjwa nikampa B. Hilo nilifanya kila mwaka. Sasa kuna mtaala mpya ulioanza 2024 wenye mkondo wa amali. Naogopa usije ukawa ndiyo B mpya, mahali pa kumtupia mtoto asiyetakiwa, wakati ufundi ungestahili vijana wenye vichwa kama huyo wa marudio.

MamaTukuyu

Ugonile Mwalimu. Mimi si mwalimu. Nauza ndizi na parachichi stendi, na nyuma ya nyumba yangu nina vyumba vitatu, nimepangisha wanafunzi wa kike. Nimesoma yote hapo juu nikajiuliza: mbona mmezungumza wavulana tu? Hata huyo Mwingereza, kumi na wawili wote wavulana?

Kikundi cha wasichana hamkioni kwa sababu hakipigi kelele dirishani. Njooni kwangu saa kumi na mbili jioni. Wapo saba, wana sufuria moja kubwa, zamu imeandikwa kwa chaki mlangoni: nani maji, nani kuni, nani anasonga. Juu ya kabati kuna kopo la siagi lenye tundu kwenye mfuniko. Kila anayerudi kwao wikiendi akipewa hela anatumbukiza humo mia mbili, mia tano. Ni hela ya pedi. Halifunguliwi kwa kitu kingine. Siku moja chumvi iliisha, mmoja akataka kuchukua humo, wenzake walimgomea wakala ugali na mboga bila chumvi. Na wana sheria yao ambayo hawakuniambia, niliisikia usiku kupitia ukuta: hakuna kupanda boda ya bure. Wanajua ya bure inalipwa baadaye.

Mtaani wanaitwa wahuni kwa sababu wanakaa wenyewe. Wavulana wa geto wanakaa wenyewe vilevile na wanakula kwa mama ntilie, hakuna anayewaita chochote. Kuna mmoja kwangu anapika kwake, halafu anabeba sahani kumpelekea kaka yake geto la pili, anarudi anaosha vyombo, ndipo afungue daftari. Taa ya sola wakati huo imeanza kufifia. Ukimwona asubuhi anasinzia mlangoni, utasema hana uwezo, B inamfaa.

Na hao wa mbele na madaftari ya magazeti, wapende lakini watazame. Mwaka 2022 alirudi shuleni binti aliyejifungua, baada ya ule waraka wa 2021 wa kuruhusu warudi. Waraka ulimfikisha mpaka mlangoni tu. Waliomkalisha peke yake ni wasichana wenzake wa maombi. Walikuwa wanahamisha madaftari akikaa karibu. Waliomchukua ni hawa wangu wa sufuria moja, na leo anauza duka la dawa, amemaliza.

Ndaga fijo kwa kuanzisha mada.

Msomaji_Iringa

Mama, shikamoo. Umenisahihisha, na una haki. Hata Uingereza walishtakiwa hivyohivyo. Angela McRobbie na Jenny Garber waliandika 1976 kwamba watafiti walikuwa wanatafuta vijana barabarani, ndiyo maana hawakuwaona wasichana, ambao utamaduni wao ulikuwa unafanyika vyumbani, na marafiki wachache wanaoaminiana. Baadaye Mary Fuller akachunguza wasichana weusi katika shule moja ya London. Walidharauliwa na walimu, wakaamua kufaulu ili kuwathibitishia, lakini hawakuwa wanyenyekevu hata kidogo. Walisoma kwa bidii na hawakumpigia mwalimu magoti. Huwa nasema darasani kwamba mwanafunzi mwenye bidii na mwanafunzi mtiifu ni watu wawili, nikakosa mfano wa nyumbani. Kopo la siagi nitalitumia, ukiniruhusu.

MamaTukuyu

Tumia mwanangu. Ila useme pia wanahitaji taa ya pili.

MwalimuMakete

Nimerudi. Samahani nimechelewa, kikao kilikwenda mpaka saa kumi na moja, na mwisho wa wiki sikuwa na moyo wa kuandika.

Nilisimama. Niliweka rejista mezani yenye alama zangu, nikasoma majina ya B bila maoni yoyote, pembeni ya kila jina nikataja mtoto anatoka wapi na anakaa na nani. Nilipofika jina la ishirini mwalimu wa Kemia, anayefundisha vidato vyote peke yake, akasema, "Basi, tumeelewa." Maneno ya Fundi kuhusu fimbo niliyasoma kama yalivyo. Mwalimu wa nidhamu alitazama chini muda mrefu. Ni mtu mwema, ana watoto wake shuleni hapohapo, naamini yalimwingia.

Hoja ya Babu ndiyo iliyotupa shida, kwa sababu ni ya kweli. Watoto 74 chumba kimoja hatuwezi. Tukakubaliana darasa ligawanywe, ila kwa namba za rejista, shufwa huku na witiri kule, walimu walewale pande zote, na mwalimu wa Hesabu aanze upande ambao wiki iliyopita alimalizia. Mkuu ametoa muhula mmoja. Matokeo yakishuka, tunarudi kwenye alama. Hilo nimelikubali mbele ya wote, kwa hiyo sina pa kukimbilia. La majina niliomba mwenyewe liandikwe kwenye muhtasari: hakuna mwalimu kumwita mtoto kwa kabila lake. Mmoja alisema tunakuza jambo dogo. Nikamwuliza mmoja wa wale wawili anaitwa nani. Hakujua. Amemfundisha miezi saba.

La wasichana sikulifikisha vizuri, Mama, nisamehe. Muda ulikuwa umekwisha. Lakini Jumatatu mchana nilishuka mwenyewe mpaka mageto, nikiwa na dada mkuu. Nilikuta wasichana wangu watatu wanaishi chumba kisichofungwa kwa ndani. Komeo limeng'oka na usiku wanasogeza ndoo ya maji na viroba vya viazi mlangoni. Wameishi hivyo tangu Januari na mimi nawaandika utoro kila wakichelewa. Mwenye nyumba nimemwona, nimenunua komeo mimi, fundi amelifunga jana.

Sasa lililonileta usiku huu. Jumatatu asubuhi nilipita na rejista mpya. Duara walikuwa tisa, wameitikia saba. Wa marudio hayupo, na mwenzake mmoja. Leo Jumatano bado. Nyumbani kwao mama amesema aliaga Jumamosi anakwenda kumsaidia mjomba, hakusema wapi, ila ameondoka na blanketi na viatu vya mvua. Daftari lake la Historia nililikuta kwenye dawati. Ukurasa wa mwisho amechora karasha na mishale, kaandika kwa Kiswahili kila kitu kinakotoka na kinakokwenda, na pale penye marudio kaweka alama ya kuuliza.

Fundi, ulisema ulikaa miaka mitatu. Kama bado una mtu Makongolosi au machimbo ya jirani, tafadhali nitumie ujumbe wa faragha nikupe jina lake na picha. Ana miaka kumi na saba, kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Nimeshaongea na mkuu, nafasi yake ipo, ni namba 41, upande wa witiri.

FundiMafiati

Madamu nimekutumia. Kuna jamaa yangu ana karasha njia ya kwenda huko, nimempigia sasa hivi. Anasema Jumapili zilishuka gari mbili za vijana wageni. Kesho sifungui gereji, nakwenda mwenyewe. Ukipata picha nyingine ya karibu zaidi nitumie kabla ya saa kumi na moja alfajiri, nitakuwa stendi.